Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Maadhimisho ya Siku ya Malaria Duniani, 25 Aprili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, wazazi na walezi wetu, walimu na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mengi na kuja kujumuika nasi, tena mapema kuliko tulivyozoeshwa na wageni waliokutangulia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza na wanachama 9 chini ya mwembe, na leo tuko 34. Mafanikio ni makubwa: tumefukia madimbwi yote ya upande wa jikoni, na tumeshika nafasi ya pili katika maonyesho ya sayansi ya kata, ushindani uliokuwa mkali ingawa shule moja haikufika.

Mwaka huu tumejifunza jinsi kimelea cha malaria kinavyofuata ratiba ya mwili kinamoishi. Plasmodium falciparum, ambayo ndiyo inayosumbua zaidi hapa nchini, huchukua takriban saa 48 kukua ndani ya chembe nyekundu ya damu, kuzaliana na kuipasua. Chembe nyingi zikipasuka kwa pamoja, mgonjwa hupandwa na homa na kutetemeka. Camillo Golgi wa Italia alikwisha kuona uhusiano huo katika miaka ya 1880, lakini swali la nani anayevipigia vimelea kengele lilibaki kwa zaidi ya karne moja. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba panya, ambao kwa kawaida hula usiku, wakilishwa mchana tu, vimelea vya malaria ya panya navyo hupindua ratiba yao, ishara kwamba vinafuata zaidi saa za mlo kuliko mwanga na giza. Mwaka 2020 watafiti wakaonyesha kwamba vimelea vina saa yao wenyewe pia.

Hatusemi haya kwa kujionyesha, ingawa kidogo tunajionyesha, bali kwa sababu ndiyo mzizi wa ombi letu. Falciparum ikifika nusu ya pili ya mzunguko wake hujibanza kwenye kuta za mishipa midogo, hivyo damu ya kidoleni iliyochukuliwa wakati huo yaweza kuonyesha vimelea vichache mno, na ya saa kadhaa baadaye ikaonyesha vingi. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa arudi kupimwa tena, na baadhi ya wazazi wetu huondoka wakiamini kwamba wamedanganywa. Mwalimu wetu amelichora jambo hili ubaoni kwa chaki za rangi tatu, na kwa heshima zote, bado tumeona chaki tu.

Tunahitaji hadubini moja, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yenye lenzi ya mafuta inayokuza mara 100, pamoja na chupa ya mafuta yake. Slaidi hatuombi, kwa kuwa mtaalamu wa maabara wa kituo cha afya yuko tayari kutupatia zile zilizokwisha kusomwa, zisizo na jina la mgonjwa. Hadubini tuliyonayo ina kioo kilichopasuka, na tukichungulia tunaona kope zetu wenyewe.

Ombi hili si geni. Miaka miwili iliyopita mgeni rasmi wa wakati huo aliahidi, mbele ya umati kama huu, kwamba hadubini ingefika ndani ya wiki mbili. Kwa furaha wazazi walichanga, fundi akatengeneza kabati lenye kufuli, na kabati hilo sasa linatunza mifagio. Mwaka jana mgeni mwingine aliahidi kufuatilia ahadi ya mwenzake, akapiga picha na kabati. Hatumlaumu yeyote; tunashangaa tu kwamba kimelea kisicho na macho wala kalenda kinatimiza miadi yake kila baada ya saa 48.

Risala hii ina nakala mbili. Moja tunakukabidhi wewe, na ya pili itabaki kwa Mkuu wa Shule, ikiwa na nafasi tuliyoiacha wazi chini kabisa kwa ajili ya tarehe ya kupokea hadubini na sahihi yako. Kalamu ipo mezani.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Klabu ya Sayansi