Risala yetu kwa mgeni rasmi: pesa za ukame zifike ng'ombe wakiwa bado wamesimama

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti, wazee wetu mliosafiri usiku kucha na basi kutoka Marsabit, na wenzangu wote wa kikundi, hamjambo. Nimepewa dakika tano. Nitajaribu, ila hii risala imeandikwa na watu 11 ndani ya chumba kimoja huko Ngara na kila mtu alikuwa na lake.

Sisi ni wanafunzi na vibarua wa hapa Nairobi, kwetu ni wafugaji, tunachanga kila mwezi tusaidiane karo na matanga. Hayo mengine mweka hazina atakueleza. Leo tuongee pesa za ukame.

Mheshimiwa, unakumbuka Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mvua ilikataa misimu 5 mfululizo mpaka mwisho wa 2022, na Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni 2.5 wakafa. Kwetu tulikuwa na ng'ombe 14 tukabaki na 2, na hao 2 kila asubuhi mnawashika mkia na pembe mnainua ndio wasimame.

Serikali haikukaa bure, tuseme ukweli. Kuna pesa ya HSNP, ule mpango wa serikali wa kusaidia maboma maskini ya sehemu kavu, shilingi 2,700 kwa mwezi kwa kila boma lililoandikwa, inakuja ya miezi miwili pamoja. Halafu kulikuwa na bima ya mifugo, ile ya serikali inaitwa KLIP iliyoanza 2015 Wajir na Turkana kabla ifike kwetu, serikali ilikuwa inakulipia bima ya ng'ombe 5 ama mbuzi 50, kila ng'ombe 14,000 kwa mwaka, kwa hivyo hata mambo yangeharibika aje hungepita 70,000. Kila aliyeandikwa kiwango kimoja, hapo hatuna neno.

Kitu kinatuchanganya ni setilaiti. Bima ya aina hii haiangalii ng'ombe wako aliyekufa, inaangalia ukijani wa malisho kutoka juu, ukishuka chini ya kiwango mnalipwa wote wa eneo hilo, usiposhuka hakuna kitu hata kama boma limebaki na kengele tu. Wazo si baya, maana nani atazunguka jangwa la Chalbi lote akihesabu mizoga? Lakini mathenge, ule mti wa miiba, ni kijani hata wakati wa kiangazi na ng'ombe hali hayo majani. Mzee mmoja akauliza, sasa hilo jicho la juu linajua kutofautisha mathenge na nyasi? Tukaangaliana. Watafiti wa ILRI, ile taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ambao pamoja na wenzao walijaribu bima ya aina hii Marsabit mwaka 2010, wako hapa Kabete, matatu tu inakufikisha. Mheshimiwa ukitupangia siku moja wakae na wazee wetu, nauli tutachanga wenyewe.

Ya pili ni kidole. Mamangu alitembea tangu alfajiri mpaka kwa ajenti anayelipa pesa za ukame, akapanga foleni, kufika mbele mashine ikakataa kusoma kidole chake. Miaka yote amevuta kamba ya kisima, hizo alama zimeisha. Akapanguza na leso, akajaribu gumba, akaambiwa arudi wiki ijayo, wiki ijayo ajenti hana kashi. Wakati pesa ilitoka, tulikuwa tumeshauza ngozi.

Tunaomba basi kuwe na njia nyingine ya kumtambua mtu kama huyo, chifu na wazee wawili wamtambue inatosha, na majina ya wanaolipwa yabandikwe mahali watu wanateka maji, si ofisini. Na tarehe ya malipo isomwe kwa redio, kwa Kiborana na Kirendille pia.

Mama mwenyewe yuko hapa leo, ni yule wa leso ya kijani safu ya tatu. Ukishuka jukwaani msalimie, ushike huo mkono.

Asante, mheshimiwa. Chai iko tayari.