Kasi ya intaneti ya shilingi 5,000

Mhariri,

Hapa Masasi vijana wanapita madukani wakiuza programu ya simu ya "kuongeza kasi ya intaneti mara tatu" kwa shilingi 5,000. Bei ni nafuu, lakini kasi hutegemea mnara, kifurushi na wingi wa watu walioung'ang'ania mnara huo jioni. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, ni programu gani ingetuokoa?

Kinachonitia shaka zaidi ni kwamba programu hiyo inaomba ruhusa ya kusoma meseji, zikiwemo za pesa! Katika steshenari yangu nilimwambia muuzaji tupime kasi kabla na baada, palepale. Akadai anawahi gari la Ndanda.

Mwenye steshenari,
Masasi, Mtwara