Zimamoto wanahitaji mabomba mapana

Ndugu Mhariri,

Tangu Soko la Kariakoo liungue Julai 2021, kila moto ukizuka tunalilaumu gari la zimamoto kwa kuchelewa. Lakini likifika likakuta maji yanachuruzika, askari wafanyeje? Mtaani kwetu bomba kuu ni la inchi 3, limejaa kutu, na nyumba za zamani zimegeuka maghorofa. Bomba la inchi 6, kwa presha ileile, hupitisha maji takriban mara sita ya hayo. Nawasihi wahusika: barabara zinapochimbwa ili ziwekwe lami, mabomba yabadilishwe papo hapo, tena kila bomba liunganishwe na mengine kwenye ncha zake zote mbili, lisiishie uchochoroni. Na vituo vya kuchotea maji ya zimamoto visifukiwe kwa zege, kama kile cha kwetu, ambacho sasa kinaonekana kifuniko tu.

Mkazi wa Ilala,
Dar es Salaam