YAH: MALALAMIKO KUHUSU META TAGI ZINAZOONYESHA KANGA MOJA KWENYE KILA LINKI

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Salamu. Mimi ni mteja wenu tangu Februari. Nauza kanga jumla na rejareja hapa Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, na nawalipa shilingi 35,000 kila mwezi ili programu yenu itengeneze meta tagi za duka langu la mtandaoni, yaani maelezo yaliyofichwa kwenye kila ukurasa yanayoiambia mitandao ionyeshe jina na picha gani linki ikitumwa.

Jumamosi iliyopita nilimtumia mama mmoja wa Tanga linki ya doti yenye jina "Mgeni njoo mwenyeji apone": nyekundu, pindo jeusi, mji wa korosho. Kwenye WhatsApp ikamfikia picha ya kanga ya bluu iliyoko ukurasa wa mbele, na chini yake "Karibu Dukani". Akaniuliza kama nimekosea. Nikatuma tena, ikaja ileile. Alikuwa anatafuta sare ya shughuli, doti 40, na wenzake kwenye kundi walikuwa wanaiangalia hiyohiyo ya bluu. Wakanunua kwingine. Mnunuzi wa kanga hutazama rangi, pindo na jina kabla hajauliza bei, na akiona kanga asiyoitaka hata linki haibonyezi.

Nilipowapigia mlisema kwenu kila kitu kiko sawa. Ni kweli, hata kwangu ukurasa ukishafunguka tagi ni sahihi, na Google jina la kanga linatokea vizuri. Lakini kijana anayenisaidia tovuti alifungua HTML, yaani maandishi ya ukurasa, kama inavyotoka kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), akakuta og:title na og:image (tagi za jina na picha ya linki) za ukurasa wa mbele kwenye kurasa zote 86. Programu yenu huzibadilisha baadaye kwa JavaScript, msimbo unaofanya kazi ukurasa ukishafunguka. Google huiendesha JavaScript hiyo. WhatsApp na Facebook husoma HTML ilivyo, basi. Kwa hiyo huko WhatsApp na Facebook kazi niliyowalipia haijafanyika hata siku moja.

Kuna pia shilingi 10,000 mnazotoza zaidi kwa "tagi ya maneno muhimu ili upande juu kwenye Google". Google walitangaza tangu Septemba 2009 kwamba hawaitumii tagi hiyo kupanga matokeo. Inaniuma kuona mnawauzia wafanyabiashara wadogo wasio na mtu wa kumuuliza.

Naomba ndani ya siku 14 tagi ziandikwe kwenye seva, kila ukurasa na picha yake ya pikseli 1200 kwa 630, na pindo lisikatwe. Kisha kurasa zote mzipitishe kwenye Sharing Debugger, zana ya Facebook ya kusoma upya tagi za linki, maana picha ya zamani hubaki imehifadhiwa huko. Fedha zote za maneno muhimu nirudishiwe kwa namba ninayolipia.

Nimeambatisha picha za skrini za linki sita, kanga sita tofauti, zote zimetokea bluu.

Mteja wenu,
Duka la Kanga, Mtaa wa Uhuru,
Dar es Salaam.