Njoo na Deni Lako

Bukoba

Mpendwa dada,

Bwana Yesu asifiwe! Sisi huku hatujambo. Senene wameanza kuanguka, watoto hawalali, wanakesha kwenye taa za barabarani na ndoo zao. Ujumbe wako nimeupata. Nilipofika pale uliposema umeokoka na pombe umeiacha, nilipiga vigelegele hadi mume wangu akatoka bafuni na mapovu kichwani.

Sasa lile jambo la pili. Unasema mchungaji wako amekuambia ya kale yamepita, kwa hiyo huna haja ya kuja kutazamana na akina mama wa kikoba, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambao fedha zao uliondoka nazo. Tena unasema ukimwona mtu wa kwetu pale mwaloni Kirumba, Mwanza, unajificha nyuma ya magunia ya dagaa mpaka apite. Dada, kiumbe kipya anamkimbia nani?

Wakorintho wa Pili 5:17 naujua kwa moyo tangu kipaimara, na siupunguzi hata nukta. Lakini angalia Paulo huyo huyo alifanya nini alipopata mtu mwenye mambo kama yako. Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni, na inaonekana waliachana vibaya. Akakutana na Paulo kifungoni, akaamini. Paulo alitamani kukaa naye, hata hivyo akamrudisha kwa yule yule aliyemkosea. (Habari za utumwa mle ndani zinanichoma mpaka leo, ila hizo tutazijadili tukikaa.) Akampa barua: kama ana deni lako, liandike juu yangu, nitalipa mimi. Halafu fungua Wakolosai 4:9. Kanisa zima linasomewa pale, na Onesimo anatajwa kuwa ndugu mwaminifu, mpendwa, mtu wa kwenu. Ya nyuma hayakuguswa hata kwa neno moja. Waliokuwa wakimjua walisomewa hivyo.

Bibi yangu alikuwa mlokole wa ule Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukaja hadi huku kwetu. Alisema zamani mtu akiokoka, kabla hajajifunza vizuri kuimba ule wimbo wa Tukutendereza, majirani walikwisha kumwona njiani amebeba jembe la watu analirudisha. Huko ndiko walikoita kutembea nuruni. Siku hizi nasikia shuhuda ndefu, mtu anasimulia alivyokunywa na alivyoiba, kanisa linapiga makofi, na aliyeibiwa yuko nyumbani hajui lolote. Mimi hunichosha.

Siku ile ulikuwa umeshaondoka, kwa hiyo hukuona. Wenye funguo walifungua kufuli zote tatu, sanduku likawekwa mkekani, tukahesabu. Marejesho uliyokuwa ukipokelea nyumbani kwako hayakuwamo. Hakuna aliyepiga kelele. Yule mama mjane wa kule mlimani alihesabu tena peke yake, noti moja moja, akizinyoosha kwenye goti. Hisa zake zilikuwa ada ya binti. Baadaye aliuza kahawa yake butura, ingali maua, kwa bei aliyotaka mnunuzi. Msimu ulipofika alivuna mali ya mtu mwingine shambani kwake mwenyewe. Nakuandikia haya kwa sababu deni lako lina sura, na sura hiyo bado inauliza habari zako. Wiki iliyopita kaniuliza kama unakula vizuri huko.

Nimeongea na mwenyekiti. Habari za polisi hawazitaki. Wanataka uje useme kwa kinywa chako mwenyewe, kisha mpange utakavyolipa, hata kidogo kidogo kila mwezi. Nimewaambia mimi ni mdhamini wako: ukikwama, waandike jina langu. Usianze kulia, najua unalia. Paulo hakuwa na mshahara akajitoa, mimi nina duka.

Sikudanganyi, wapo watakaokuita mwizi hata ukimaliza shilingi ya mwisho. Mmoja amekwisha kusema wokovu wako ni koti tu, utalivua jua likiwaka. Mwache aseme. Kikoba kina haki ya kudai fedha zake, lakini wewe ni nani mbele za Mungu si jambo la kupigiwa kura kwenye kikao chetu.

Panda meli ya usiku, asubuhi nitakuwa bandarini. Kikao ni Jumamosi saa nane. Usininunulie chochote, wala sato. Fedha hiyo itie kwenye bahasha ya yule mama, umkabidhi mkononi. Na kuhusu rubisi, ile pombe ya ndizi, anayoiweka mume wangu kwa ajili ya wageni, nimemwambia aihamishie kwa kaka yake kabla hujafika. Amenuna kidogo, kisha akauliza unapenda ndizi za maharage au za nyama. Nijibu mapema niende sokoni.

Wasalimie watoto.

Ni mimi, dada yako katika Bwana