Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka kuiuza kamera yake

Mdogo wangu,

Picha za send-off nimeziona, na ujumbe wako kwamba kamera imekuangusha nimeusoma. Una haki ya kuumia. Mtu hatoi mamilioni ili apate picha zenye chenga kuliko za simu. Lakini naomba usiiuze kwanza, maana karibu yote unayolalamikia hayatoki kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi.

Tatizo kubwa ni lenzi. Hiyo ya milimita 16-50 iliyokuja ndani ya boksi, ukiivuta hadi 50 tundu lake la kupitisha mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ukumbi wa harusi usiku hauna mwanga wa kutosha kwa tundu dogo hivyo, kwa hiyo kamera inajipandishia ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, hadi 12800, na chenga zinaanzia hapo. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Picha ile ile ungeipiga kwa ISO 1250 hivi. Simu nayo inapiga picha kadhaa kwa mpigo, inaziunganisha na kuondoa chenga kabla hujaziona. Kamera inakuachia wewe kazi hiyo kwenye laptop. Inaniuma kwamba hukuambiwa hili dukani: bodi ya bei nafuu yenye lenzi nzuri ingekufaa kuliko ulichouziwa.

Ile mistari ya giza inayokatiza uso wa bibi harusi si ubovu wa sensa, kile kibamba cha ndani kinachonasa picha. Umewasha shata ya kimya (ya kielektroniki, isiyo na pazia linalofunga na kufungua), ambayo inasoma sensa mstari kwa mstari. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde, hivyo mistari mingine inasomwa taa ikiwa imefifia. Rudi kwenye shata ya kawaida, weka kasi ya sekunde 1/100. Taa za rangi za jukwaani zina mapigo yake tofauti. Kwa hizo, kama dari ni jeupe na si refu sana, elekeza flashi juu.

Madoa angani kwenye picha za Nyerere Square ni vumbi, na Dodoma kiangazi unaijua. Kamera hizi za mirrorless hazina kile kioo cha kuakisi mbele ya sensa, na nyingi huacha shata wazi hata ukizizima. Badilisha lenzi ndani ya gari, vioo vimefungwa, bodi ikitazama chini. Kuhakikisha, weka f/16, haribu fokasi makusudi, piga anga, kisha kuza picha uangalie. Safisha kwa pampu ndogo ya mpira ya mkono. Usipulize kwa mdomo, mate hugandia sensa. Na kwa fundi wa tairi usiende kabisa: upepo wa kompresa hutoka na maji na mafuta.

Video kukatika mchana ni joto. Fungua skrini iachane na mgongo wa kamera, pandisha kikomo cha joto kwenye menyu kama kipo, na kamera ikae chini ya mwavuli. Kama inakatika hata kwenye ubaridi, shuku memori kadi. Chukua yenye alama ya V30, ambayo ni ya kasi ya kurekodi video, na kabla ya kazi uijaze yote kwa majaribio, hakikisha mafaili yanafunguka, kisha uifute, kwa sababu kadi feki huonyesha ukubwa ambao haina.

Ukishafanya hayo, bandika gazeti ukutani kivulini, mchana. Kamera juu ya stendi, ikitazama ukuta sawasawa, ISO 100, f/8, kipima muda cha sekunde 2. Herufi zikisomeka vizuri katikati na pembe zote, kamera yako ni nzima. Weka akiba ya lenzi. Upande mmoja tu wa picha ukiwa hausomeki vizuri, huenda vioo vya lenzi vimekaa upande. Irudishe dukani na risiti ya EFD kabla waranti haijaisha.