Mikanda ya dari uliyoniuliza

Fuoni, Unguja

Assalaam alaykum shoga yangu,

Hujambo, shemegi na watoto wazima? Na bi mkubwa mguu umepata nafuu? Sie huku alhamdulillah, mvua tu ndo zimetushika. Meseji yako niliiona tokea juzi ila hili la mikanda ya dari, ile ya kubandika pale ukuta unapokutana na dari, nikasema silijibu kwa mistari miwili, nakaa nakuandikia vizuri, manake nshalifanya kwa mikono yangu sebuleni na chumba cha watoto na najua utakwama wapi. Utakwama kwenye kona. Mengine yote ni kazi ya subira tu.

Umeniuliza kwani ina faida gani au ni pambo tu. Unaikumbuka ile nyumba ya bibi Mji Mkongwe, dari ya boriti, vyumba virefu vyembamba kwa sababu boriti za mikoko urefu wake ndo ule ule, kama mita 3 hivi? Pale hakuna mkanda wala hakuhitajiki, boriti zenyewe ndo urembo, nami mpaka leo naona hakuna dari nzuri kuliko ile. Lakini hizi nyumba zetu za matofali tunazogongea jipsamu bodi juu, bati likipata jua dari inacheza, ukuta hauchezi, basi pale zinapokutana panatoka ufa hata upige puti mara ngapi. Mkanda unauficha ule ufa. Kwa hiyo siyo anasa shoga, mimi ningeanza na huo kabla ya pazia.

Kuchagua sasa. Ya mbao ni mizuri sana lakini mbao laini mchwa watakushukuru, na mbao ngumu bei yake unaijua. Ile ya unga wa mbao uliogandishwa, wanaiita emdiefu, usiiguse, masika yakiingia inanyonya unyevu inavimba kama mkate uliotiwa chai. Ya foam ni nyepesi na kuipandisha boti kwenda nayo huko kwenu Pemba hakuna shida, chumba cha watoto nimetia hiyo, ila gundi yake iwe ile ya maji na rangi iwe ya maji, ukiipaka kitu chenye tina, ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta, inayeyuka unaiona hivi hivi, na jikoni usiiweke kabisa kwa sababu ya moto. Sebuleni nimetia ya jipsamu na hiyo ndo nakushauri na wewe, ikikauka na kupakwa rangi huoni imeanzia wapi. Sharti lake bati lisivuje. Panda juu uhakikishe kwanza, jipsamu na maji ya mvua haviwezani.

Upana usichukuliwe na macho dukani, dukani kila kitu kinaonekana kidogo. Dari yako kama yangu, mita 2.7, basi sentimita 9 mpaka 12 inatosha, ukizidisha chumba kinakuwa kama kimeinama. Na hesabu: chumba cha mita 4 kwa 3.5 mzunguko wake mita 15, ongeza moja ya kumi ya kuharibika ndo 16.5, vipande vya mita 2.4 vinaingia 7, wewe nunua 8 kwa sababu wewe uko Wete, kimoja kikivunjika kwenye boti hutorudi Unguja kwa ajili ya kipande kimoja. Vilaze juu ya godoro, usiviegemeze vinapinda.

Haya kona. Miye nilianza kwa kuangalia video za Wamarekani, na wao nyumba zao nyingi ukuta una nguzo za mbao ndani, aghlabu kila inchi 16, wanapiga msumari wanaondoka, na kona wanakata digrii 45 hii na 45 hii inakutana. Nikafanya hivo hivo, kona ya kwanza kabisa ikanibakishia uwazi unaingia kidole. Nlikaa chini pale nikaona nimeharibu mikanda ya watu. Kumbe mkato wangu haukuwa na kosa, kona yenyewe siyo ya mraba, fundi alojenga alipiga lipu nene upande mmoja. Nikapima zote nne, hakuna hata moja iliyokuwa sawa. Na wewe pima: toka konani sentimita 60 ukuta huu tia alama, sentimita 80 ukuta ule tia alama, alafu futi ya kupimia ikate baina ya alama mbili, ikisoma mita 1 kamili kona ni mraba, ikizidi imefunguka, ikipungua imebana.

Sasa usihangaike na digrii, fanya hivi. Shika kipande kifupi cha mkanda kiweke kinavyokaa ukuta wa kwanza, piga mstari wa penseli darini ukingoni mwake, kihamishie ukuta wa pili piga mstari mwengine. Pale mistari miwili inapokatana ndo ncha ya juu ya mkato wako, na ncha ya chini ni pale kona ya ukuta. Zihamishie ncha hizo kwenye mkanda, mkato unapita baina ya hizo mbili. Kona yenyewe imekwambia, huna haja ya kipimo chengine. Mimi hili lilinifurahisha mpaka nikaenda kumwamsha baba watoto aje aone.

Na wakati wa kukata mkanda unageuzwa kichwa chini. Sakafu ya lile boksi la kukatia, unalotia mkanda ndani ukapitisha msumeno, ifanye ndo dari, ubavu wake ndo ukuta, yaani ukingo unaokaa darini unalala chini. Kushoto kunakuwa kulia, hapo ndo watu wanapoharibu, kwa hiyo kata kwanza vipande vinne vidogo vya sampuli, kona ya ndani kushoto na kulia, kona ya nje kushoto na kulia, viandike kwa kalamu na kila ukitaka kukata kitu chukua sampuli kwanza ukiangalie. Msumeno uwe wa meno madogo.

Kubandika: mkanda wangu una sentimita 10 lakini ukikaa vyake unashuka ukutani 7, basi nikapiga uzi wa chaki kwenye hiyo 7 chumba kizima, dari ikiwa na mawimbi wewe fuata uzi. Kwangua rangi pale gundi inapokaa, ukuta wa rangi nyororo haushiki, na uloanishe kidogo kwa brashi. Gundi yenyewe ni unga wa jipsamu, utie ndani ya maji, usitie maji ndani ya unga, na ukoroge kidogo kidogo kwa sababu dakika 10 mpaka 15 ushaganda, miye ndoo nzima ya kwanza niliimwaga. Piga misumari miwili mitatu chini ya mkanda kuushikilia mpaka kesho, alafu ing'oe yote, ukiiacha hewa yetu ya chumvi itaitia kutu na kutu inatokeza juu ya rangi nyeupe. Anzia ukuta unaokabili mlango, na viungo vibaya vipeleke juu ya mlango. Vipande vikiungana katikati ya ukuta kata vyote mshazari vilaliane.

Mtafute mtu wa kushika upande wa pili, shemegi akiwa hayupo hata mtoto mkubwa, peke yako juu ya ngazi usijaribu.

Kabla hujanunua nitumie vipimo vya kona zako zote pamoja na hiyo ya ushoroba, nikukatie sampuli nizitie kwenye mzigo wa nanasi ninaoleta mwezi ujao. Msalimie mama sana.

Wako shoga yako